Brevet ya Mtu wa Pampu

Tangazo lilibandikwa kwenye mlango wa chumba cha pampu Jumatatu asubuhi, na Umba alipofika kazini gundi ilikuwa bado mbichi. Lilikuwa la Kifaransa, limepigwa kwa mashine, lina mihuri miwili. Umba alikaa shule ya mapadri miaka miwili tu, na mmoja wapo aliumaliza akilima mihogo yao. Alisimama mbele ya karatasi ile akatambua neno moja, brevet, cheti cha ufundi, kisha akamtuma mtu amwite mke wake. Kyabu alikuwa amesoma miaka sita kwa masista.

"Soma yote," Umba alimwambia. "Usiruke."

"Nitaruka juu ya nini?" Kyabu alifuata mistari kwa kidole, akigeuza mmoja mmoja kwa Kiswahili. "Banasema hivi: kuanzia tarehe moja ya mwezi wenye kuya, muntu yote wa service ya majengo mwenye hana brevet ya kwanza, kazi yake imekwisha. Na nyumba ya service anarudisha mu siku saba. Mutihani ni Alhamisi. Komanda Bokungu atakuya mwenyewe kuangalia."

"Na mwenye ataipata?"

"Anabakia na kazi. Anabakia na nyumba."

Ézéchias, fundi wa mabomba, alisogea karibu akanyoosha shingo. "Mama Monga, angalia muzuri. Labda chini kabisa banaandika ni uongo."

"Chini kuko paka jina ya Komanda tu."

"Ndiyo, njo ile nasema."

Walicheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Kila mmoja pale alikuwa na nyumba ya service, na kila nyumba ilikuwa na watoto ndani.

Mahali pale watu wa Kamina walipaita Kambi ya Matanki, kwa sababu ya matanki matatu ya maji yaliyoonekana toka mbali kabla hujaona paa hata moja. Kulikuwa na ofisi, bweni za askari, jiko kubwa, zahanati, na mistari ya nyumba za familia zilizotoka pande zote za Zaïre. Yote hayo yalishikwa na wanaume wanane wenye spana. Miaka kumi na mbili hakuna mkubwa aliyeuliza wanashikaje. Halafu mkubwa mmoja alitumwa Ulaya wiki tatu, akarudi na neno hilo la brevet, na wanaume waliokuwa wakifanya kazi wakaambiwa hawajui kazi.

Kabla ya tangazo kulikuwa na kozi ya miezi mitatu, katika gereji ya zamani. Mwalimu alikuwa citoyen Bolingo, yaani raia Bolingo, kama serikali ilivyotaka watu waitwe, kijana wa Kinshasa mwenye chaki mfukoni na subira kidogo. Umba aligundua kwamba ile sehemu ya pampu ambayo yeye na wenzake waliiita pua ina jina lake kwenye kitabu, na kwamba mambo ambayo mikono yake iliyajua yalipaswa kusemwa kwa mdomo, kwa mpango, moja mpaka tano. Kanuni ya nne ndiyo Bolingo aliyoipenda kuliko zote. Aliiandika kila Jumatatu: kabla ya kuwasha mashine, ita kwa jina lake kila mtu aliyeshuka; usiwashe mpaka akujibu kwa mdomo wake mwenyewe.

Hapo ndipo palipokuwa na taabu. Pampu kubwa ilikaa chini ya shimo la mita sita, na aliyeshuka humo alikuwa mmoja siku zote, mzee Banza, mwembamba, asiyejua kusoma na kwa hiyo hakuwekwa kwenye kozi, lakini anayejua kila msumari wa shimo lile. Na Banza alikuwa baba yake Kyabu.

Kwa Baluba jina la muko halitamkwi. Mtu hamwiti baba mkwe wake kwa jina, hamtazami usoni, hali naye sahani moja. Kwa miaka tisa Umba na Banza walifanya kazi pamoja, mmoja juu kwenye tablo ya umeme, mwingine chini, na walikuwa na njia yao: Umba aligonga bomba mara tatu kwa spana, Banza akagonga mara tatu kujibu, kisha umeme ukawashwa. Hakuna aliyeumia hata kidole. Lakini Bolingo alikuwa ameshasema kwamba kugonga si jina. Hata panya anaweza kugonga.


Jumanne Umba alimfuata Bolingo nyuma ya gereji, kofia mkononi.

"Citoyen mwalimu, niko na neno."

"Sema."

"Siku ya mutihani, wakati yangu ikifika, mutu mwingine ashuke mu shimo. Ézéchias anaweza."

"Juu ya nini? Muzee njo anajua fasi ya mule chini."

"Ni muko wangu. Siwezi kuita jina yake."

Bolingo alimwangalia kama mtu anayeangalia mashine iliyoletwa bila karatasi ya maelezo, kisha akacheka. "Minyi mwenyewe naita baba ya bibi yangu kwa jina kila siku. Ni kujibu tu ndiyo hajibu." Aliona Umba hacheki. "Bon, bon. Ézéchias atashuka wakati yako. Lakini usiniletee mambo ya mababu mbele ya Komanda. Ule muntu hana masikio ya ile."

Jumatano mchana Banza alikuja nyumbani kwa binti yake. Hakuingia uani. Alikaa nyuma ya ukuta wa jiko, mgongo ukiegemea matofali, na Umba akakaa upande wa pili juu ya kigoda. Kyabu alikuwa katikati akipepeta unga.

"Mwambie bwana yako," sauti ya mzee ilisema, "niliweka mafuta ku ile chuma ya kuzunguka. Haitalia kesho."

"Amesema ameweka mafuta."

"Mwambie nimesikia. Mwambie asante sana."

"Anasema asante." Kyabu aliweka ungo chini. "Minyi njo telefone yenu? Kila mutu anasikia mwenzake, na minyi njo nachoka mudomo."

Nyuma ya ukuta mzee alikohoa, na kikohozi kile kilikuwa cheko. "Mwambie tena kanuni ya ine asiisahau. Minyi siko mu kozi, lakini mazoezi banafanyia ju ya kichwa yangu, nimeisikia mara mingi. Muntu wa chini asipojibu, mashine hapana kuwaka. Hata Komanda akilia. Bazungu hawakuwa na sheria muzuri sawa ile. Minyi wataniondoa, sijui kusoma, ni haki yao. Lakini weye na batoto mubakie mu nyumba."

Umba alisikia yote. Alisubiri Kyabu ayarudie, kama inavyotakiwa, na Kyabu akayarudia neno kwa neno, akiangalia unga.


Alhamisi wakubwa kutoka Lubumbashi walikuwa wanatarajiwa kula mchana pale kambini. Maji yalikuwa yamefungwa tangu alfajiri kwa ajili ya mtihani, kwa hiyo jiko lilianza kulalamika saa tatu, na saa nne Komanda Bokungu alifika chumba cha pampu akiwa tayari na hasira. Alikuwa mtu mnene wa mwendo mwepesi, aliyetoka Équateur, na alisema Kiswahili kama mtu anayetafuna kitu asichokipenda. Askari wawili walimfuata. Mmoja alikuwa Mputu, jirani wa Umba. Mke wa Mputu, Mbombo, aliazima chungu kwa Kyabu kila wiki.

Wanaume watano walipita. Kila mmoja alisimama kwenye tablo, akasema kanuni zake tano, akaita, "Banza!", na chini ikatoka sauti nyembamba, "Niko!" Mzee akapanda ngazi, umeme ukawashwa kidogo na kuzimwa, akashuka tena. Bolingo akaandika alama.

Walibaki Umba na Ézéchias. Bolingo aliangalia huku na huku. "Ézéchias iko wapi?"

"Nimemutuma kubeba makasha ya pombe," Komanda alisema. "Bageni hawatakunywa mutihani."

"Mon commandant, alikuwa ashuke kwa huyu."

"Mu shimo hamuna muntu?"

"Muko muzee, lakini..."

"Basi. Endelea."

Umba alisimama kwenye tablo. Mikono yake ilijua kila kitu pale. Alisema kanuni ya kwanza, ya pili, ya tatu, kwa Kifaransa cha kukariri, bila kukwama. Kisha akainama juu ya shimo na kuita kwa nguvu, "Tata-muko!"

"Niko!" ikajibu sauti.

Bolingo aliinua kalamu aandike. Komanda akaizuia kwa kidole.

"Ameita nani?"

"Ni baba mukwe yake, mon commandant. Kwa kabila yao..."

"Kabila?" Komanda alichukua orodha mikononi mwa Bolingo, akaisoma kwa sauti. "Citoyen Banza Kitenge. Sioni tata nani. Hapa ni jeshi ya Zaïre. Hakuna kabila, kuko citoyen. Ita jina."

"Citoyen Komanda, amejibu," Umba alisema. "Mwalimu amesikia. Nitagonga bomba pia, atajibu tena, mara tatu."

"Ita jina."

"Naomba unisamehe. Mengine yote nitafanya."

Komanda alimgeukia Mputu. "Mukaba."

Mputu alifungua mkaba wake wa kijeshi. Alimpiga Umba mgongoni mara mbili, akimkwepesha ile chuma ya mbele, na Umba akaelewa kwamba jirani anamhurumia. Komanda pia akaelewa.

"Unapangusa vumbi? Toa shati yake. Piga na chuma."

Walimvua shati mbele ya wenzake watano, nao wakaangalia sakafu. Chuma kilishuka begani, kikashuka tena, na mara ya tatu kikachukua ngozi. Umba alishika ukingo wa tablo. Kila pigo lilirudi kwa mwangwi kutoka shimoni, hivi kwamba Banza chini alilisikia mara mbili. Kwenye pigo la sita Umba alipiga goti. Mputu alikuwa analia bila sauti, na anapiga. Kwenye la tisa Komanda aliweka buti lake juu ya vidole vya Umba akakanyaga.

"Nyumba yako ni namba ngapi? Kumi na ine? Leo mangaribi bibi yako na batoto batalala mu barabara. Ita jina!"

Akilini mwake Umba alimwona Kyabu, alimwona mtoto wake Monga na mdogo wake, akaona vyungu juu ya mchanga. Akafungua mdomo.

"Banza!" alipiga kelele. "Banza Kitenge!"

Shimo likanyamaza.

Chini kule mzee alikuwa amesimama kwenye maji ya miguuni, spana mkononi. Jina lake lilipomwangukia kutoka mdomo wa mume wa binti yake aliziba kinywa kwa kiganja, kama anavyofanya mtu aliyeona uchi wa mkwewe. Kujibu kungekuwa kulikubali tusi lile, na tusi la namna hiyo huwafuata wajukuu. Lakini hakuwa na hasira na Umba. Alikuwa amesikia mkaba. Alijiambia kwamba akinyamaza, kanuni ya nne itasimama, mashine haitawaka, mtihani utaharibika, wakubwa watakwenda kula chakula chao, na kijana yule ataachwa apumue. Aliiamini ile sheria kuliko walivyoiamini wote walioiandika ubaoni. Akainama taratibu, akanyoosha mkono kupitia mhimili wa pampu kuchukua kopo lake la mafuta.

"Hajibu," Bolingo alisema. Uso wake ulikuwa umebadilika. "Mon commandant, tupumzike kidogo. Sheria inasema..."

"Anajibu wakati anataka? Iko na kiburi, sawa huyu. Bageni bako mu barabara na mayi hakuna. Washa."

"Hatuwezi kuwasha, hajajibu!" Umba alisimama, damu ikimshuka mpaka mkanda wa suruali, akakumbatia tablo kwa mikono yote miwili. "Hajajibu! Ni kanuni ya ine! Bafundi, semeni!"

Mafundi walirudi nyuma hatua moja. Kitako cha bunduki ya askari wa pili kilimpata Umba nyuma ya sikio, kisha mbavuni, kisha tena sikioni, mpaka mikono ikaachia. "Mputu," Komanda alisema bila kupandisha sauti. Mputu akashika mkono wa chuma wa swichi kubwa na kuushusha.

Mashine iliwaka vizuri, haikulia. Kisha ikalia. Kutoka shimoni ilipanda sauti moja ya mtu, fupi, na baada yake sauti ya kitu kizito kinachogongwa ukutani, kinarudi, kinagongwa tena, kwa kipimo kimoja, kama mtu anayetwanga. Bolingo ndiye aliyeruka kwenye tablo na kuzima.

Kumtoa Banza kulichukua muda mrefu, kwa sababu mkono na kichwa vilikuwa vimezungukwa na nguo, na nguo imejizungusha kwenye chuma. Umba alishuka mwenyewe na kisu. Baadaye pampu iliwashwa tena, na jikoni maji yakafika. Wageni walikula saa saba.


Ijumaa Umba aliitwa ofisini. Kyabu alikuja na mume wake, kitambaa cha msiba kiunoni, na mlinzi alipomzuia alisema, "Hajui kusoma Kifaransa. Minyi njo macho yake," akapita.

Mezani palikuwa na karatasi mbili. Bolingo alikaa pembeni, hakuinua uso, na Mputu alisimama nyuma ya Komanda.

"Citoyen Umba," Komanda alisema, "serikali inakupongeza. Umepata brevet. Namba sita." Aliisukuma karatasi ya kwanza, nzuri, ina picha ya mwenge wa Zaïre, ya kijani, na muhuri. "Hapa unatia saini kwamba umeipokea. Na hapa, ku rapoti, unatia saini tena. Nyumba ni yako."

Kyabu alizichukua zote mbili kabla hazijafika kwa mume wake. Alisoma kimya, midomo ikitikisika.

"Brevet ni ya tarehe kumi na moja," alisema. "Mutihani ilikuwa kumi na ine. Leo ni kumi na tano."

"Na nini?"

"Na rapoti inasema..." Aliweka kidole juu ya mstari. "Inasema siku ya ajali mashine ilikuwa mikononi mwa citoyen Umba, mwenye brevet, na kwamba hakungojea jibu ya mwenzake." Alimgeukia Umba. "Banakupa brevet ya Jumatatu ili Alhamisi ikuwe yako. Bila brevet, mwenye kosa ni mwenye alikuwa mukubwa mule ndani. Ukiwa nayo, ni weye. Ni weye mwenye kuua baba."

"Mama, unasoma sana," Komanda alisema. Mlinzi akampiga Kyabu kofi la mdomo, na Kyabu akaangukia kabati.

"Siweki saini," Umba alisema.

Hakusema kwa ushujaa. Alisema tu, kama mtu anayekataa chakula kibovu. Mputu na mlinzi walimshika. Komanda alikuwa na kidau cha wino wa alama za vidole, kile cha watu wasiojua kuandika. Umba, aliyejifunza miezi mitatu kuandika jina lake kwa herufi za kuunganisha, alikunja ngumi. Walimpiga ngumi ile kwa rula ya chuma, haikufunguka. Wakaiweka kwenye ukingo wa meza, Mputu akashika kidole gumba akakivuta nyuma. Kilitoa sauti ndogo, kama kijiti kikavu. Kisha kidole kikawa kama si chake, wakakichovya, wakakibandika mara moja kwenye brevet na mara moja kwenye rapoti, vizuri, bila kuchafua.

"Félicitations," Komanda alisema, akaipuliza brevet ikauke.


Banza alizikwa Jumamosi kijijini kwao, upande wa barabara ya Kaniama. Jeshi lilitoa lori na sanduku, na juu ya lori akapanda Mputu na mwenzake, kuleta pole za Komanda. Njiani Mputu alisogea karibu na Umba, akanong'ona akiangalia majani.

"Ndugu, minyi niko na batoto sawa weye. Amesema hivi: ukifungua mudomo kule, ukirudi unafungwa moja kwa moja ku kasho, na namba kumi na ine inafungwa leoleo. Amenituma nisikilize. Usinipe kazi ya kumupelekea maneno."

Umba aliuweka mkono wake kifuani. Gumba lake lilikuwa limevimba kama muhogo.

Mdogo wake Banza, mzee Nkulu, alisubiri udongo uishe kurudishwa. Kisha akajisimamisha mbele ya watu wote. Habari zilikuwa zimefika kabla ya maiti, na vijana wa ukoo walikuwa na fimbo, wawili walikuwa na panga.

"Tumesikia mambo mbili," Nkulu alisema. "Ya kwanza, kwamba bwana ya mutoto yetu aliita ndugu yangu kwa jina, kwa mudomo mukubwa, mbele ya bantu. Ya pili, kwamba njo yeye aliwasha."

"Hakuwasha!" Kyabu alisema. "Karatasi ni ya uongo. Tarehe ni ya uongo. Nimeisoma na macho yangu."

"Weye ulikuwa mule ndani wakati ndugu yangu anakufa?"

"Hapana, baba."

"Basi mwenye alikuwa aseme." Nkulu alimgeukia Umba, na kwa sababu siku ile haikuwa ya kawaida alimwangalia usoni. "Ya jina, tutaimaliza kati yetu, kuko mbuzi, kuko maneno ya kusafisha. Siulizi ile. Nauliza moja: mukono gani ilishusha ile chuma?"

Mkono wenyewe ulikuwa hatua nne kutoka pale, umeshika mkanda wa bunduki. Kyabu alifuata macho ya mume wake yalipokwenda, akauona.

"Sema, Baba Monga," alimwambia. "Sema tu. Tutalala fasi yoyote."

Umba alifikiria nyumba. Alifikiria kasho, maji mpaka magotini, watu waliotoka humo bila meno. Alifikiria miaka tisa. Mgongo wake ulikuwa umegandamana na shati.

"Sikuona," alisema.

"Hukuona?"

"Nilianguka. Sikuona."

Nkulu alitema mate chini, si kwa nguvu. Jiwe la kwanza lilimpata Umba tumboni. Fimbo zikafuata, na vijana walimwangusha chini wakampiga pale pale kwenye mgongo uliokwisha kupigwa, wakampiga kwenye mbavu, mmoja akasimama juu ya mkono wake. Mputu ndiye aliyefyatua risasi hewani wakatawanyika. Muda wote ule Kyabu alisimama na watoto wawili mbele ya kaburi la baba yake, akiwaziba macho kwa kanga, na hakusogea.

Lori lilipowashwa hakupanda.

"Twende," Umba alisema toka juu, akishikilia ubao. "Kyabu. Nyumba iko."

"Najua si weye," Kyabu alisema. "Ungesema vile mbele yao, ningekufuata hata ku kasho. Enda na nyumba yako."


Wiki ya pili karani wa nyumba alikuja namba kumi na nne na daftari, asubuhi, Umba alipokuwa anafunga kidole kwa kitambaa. Karani aliingia bila kubisha, akahesabu vyumba ingawa alijua ni vitatu, akafungua dirisha, akalifunga.

"Citoyen, uko hapa na nani?"

"Niko na brevet," Umba alisema, akaenda kuileta.

"Brevet nimesikia. Nimeuliza nani. Bibi iko?"

"Iko kwao. Kuko kilio."

"Na batoto?"

"Bako na mama yao."

Karani aliandika. "Vyumba tatu ni vya mwenye familia. Weye ni célibataire, muntu wa peke yake. Kuko kitanda ku bloku ya bavijana, karibu na gereji. Leo."

"Komanda alisema nyumba ni yangu. Alisema mbele ya mwalimu."

"Mwalimu alirudi Kinshasa. Na Komanda njo ameniandikia hii." Alimwonyesha karatasi kwa mbali, kama mtu anavyomwonyesha mbwa mfupa. "Ajida mupya, mukubwa ya baaskari, anaingia na bibi na batoto sita. Vintu vyake viko ku gari hapa nje. Usimucheleweshe."

Umba hakuwa na mengi. Alikunja godoro, akaweka juu yake sufuria moja, mashati mawili, na brevet ndani ya gazeti. Vyungu vya Kyabu aliviacha, halafu akarudi akavichukua, halafu akaona mikono haitoshi akaviacha tena. Alikuwa amefika mlangoni karani alipomwita.

"Ile koki ya jiko inavuja."

"Tangu zamani. Ni kazi ya Ézéchias."

"Ézéchias alifukuzwa. Hakufika ku mutihani, alikuwa kubeba makasha. Tengeneza, ajida hapendi mayi chini."

"Niko na kidole ya kuvunjika."

"Citoyen," karani alisema, akipiga daftari kwa kalamu, "weye njo uko na brevet."

Nje honi ya gari ililia, mwanamke akauliza kwa Lingala kama bado. Umba aliweka godoro chini kizingitini. Alirudi jikoni, akafunga maji, akapiga magoti juu ya saruji iliyolowa. Gumba halikukubali kushika spana. Aliishika kwa vidole vinne, akaikandamiza kwa kifundo cha mkono, akaanza kufungua, huku watoto wa ajida wakiingia mbio, wakiruka juu ya godoro lake, wakichagua vyumba.